Kukutana na Baisani wa Marekani na Kurudi Mzima: Hatua kwa Hatua

Anayezijua hifadhi za Afrika Mashariki amezoea kulindwa na gari. Serengeti au Maasai Mara mgeni hukaa kwenye kiti chake, dereva ndiye anayeamua wasogee hadi wapi, na atakayeshuka pasiporuhusiwa atakemewa papo hapo. Yellowstone, hifadhi ya taifa iliyoko magharibi mwa Marekani, haiko hivyo. Unaendesha gari lako mwenyewe, unaegesha, unashuka na watoto, mnafuata njia ya mbao kuelekea kwenye chemchemi za maji moto, na pembeni ya njia hiyo amesimama dume la baisani, yaani nyati wa Amerika mwenye nundu, anakula majani. Hakuna uzio wala askari mwenye bunduki. Uamuzi wa kusogea au kurudi nyuma umeachiwa wewe.

Mwongozo huu ni wa wazungumzaji wa Kiswahili wanaoishi Marekani, hasa ndugu zetu wa Boise na Salt Lake City walio karibu na maeneo ya baisani, pamoja na wageni wanaowatembelea wakati wa kiangazi. Nauandika kwa sababu kila mwaka watu wanajeruhiwa kwa namna ileile, na karibu kila mara ajali ingeweza kuepukwa. Katika Yellowstone, baisani amejeruhi watu wengi kuliko mnyama mwingine yeyote, hata dubu ambaye kila mgeni humwogopa.

Hatua ya 1: Mjue mnyama kabla hujaondoka nyumbani

Dume aliyekomaa hufikia kilo 900, na mabegani husimama karibu mita 1.8. Jike hufikia karibu kilo 450. Wote wawili wana pembe, kwa hiyo usijidanganye kwamba asiye dume hana silaha. Pembe hizo ni fupi zikilinganishwa na za mbogo wetu, lakini ni kali, zimepinda kwenda juu, na nyuma yake kuna shingo yenye nguvu ajabu.

Siri ya nguvu hiyo iko kwenye nundu. Wengi hudhani nundu ya baisani ni mafuta, kama ya ngamia. Ni misuli, iliyoshikiliwa na mifupa mirefu inayochomoza kutoka kwenye uti wa mgongo, na kazi yake ni kubeba na kuzungusha kichwa kile kikubwa. Wakati wa baridi kali, majani yakiwa yamefunikwa na theluji nzito, baisani huinamisha uso na kuifagia theluji kulia na kushoto mpaka afikie chakula. Anafanya hivyo siku nzima, miezi kadhaa. Sasa fikiria shingo iliyojengwa kwa kazi hiyo inapoamua kumwinua binadamu wa kilo 70. Ndiyo maana taarifa za ajali hizi huzungumzia watu waliorushwa hewani. Hazielezi watu waliosukumwa tu wakaanguka.

Kisha kuna kasi. Ukimtazama akitembea utaona uzito na uvivu, lakini akikimbia hufikia kilomita 55 kwa saa, mwendo ambao hakuna mwanadamu anayeweza kuufikia. Hugeuka ghafla akiwa katika mbio, huruka vizuizi, na huogelea vizuri kiasi kwamba mto si kinga.

Manyoya yake nayo yanaeleza mengi kuhusu tabia yake. Ni mazito kiasi kwamba theluji hukaa mgongoni bila kuyeyuka, kwa maana joto la mwili halipenyi kwenda nje. Mnyama aliyeumbwa kuvumilia dhoruba akiwa amesimama hana haja ya kuhangaika kila anapoona kitu. Hatakimbia kama swala ukimkaribia, wala hatakutolea macho. Ataendelea kula. Utulivu huu ndio unaowaponza watu: wanauona, wanadhani wamekubaliwa, wanaongeza hatua mbili, kisha mbili nyingine. Baisani anakuvumilia hadi uvumilivu unapokwisha, na ukishakwisha unabaki na sekunde chache tu.

Hatua ya 2: Chagua mahali na msimu

Yellowstone, iliyotangazwa hifadhi mwaka 1872, ndiko kwenye makundi makubwa yanayozunguka porini. Bonde la Lamar upande wa kaskazini mashariki na bonde la Hayden katikati ya hifadhi ndizo sehemu za uhakika. Lamar ina faida moja: barabara yake, kutoka Gardiner kuelekea Cooke City, hubaki wazi kwa magari hata wakati wa baridi, na kumwona baisani mwenye barafu usoni ni jambo la kusafiria.

Walio Salt Lake City hawana haja ya kwenda mbali. Kisiwa cha Antelope, ndani ya ziwa la chumvi, kina kundi lililotokana na baisani 12 waliopelekwa huko mwaka 1893. Kule South Dakota kuna Custer State Park, yenye baisani zaidi ya 1,000. Kila Septemba wapanda farasi huwaswaga pamoja, na maelfu ya watu huja kutazama wakiwa umbali salama. Katika jimbo hilohilo kuna hifadhi za taifa za Badlands na Wind Cave, na North Dakota wana hifadhi ya taifa ya Theodore Roosevelt.

Ukiwa Lamar, tafuta majengo ya zamani ya ranchi ya baisani, mabanda ya magogo yaliyo kando ya barabara. Zamani mamilioni ya wanyama hawa walijaza mbuga za Amerika Kaskazini, makadirio ya kawaida ni kati ya milioni 30 na 60. Reli zilipofika na biashara ya ngozi ikapamba moto katika miaka ya 1870, waliuawa kwa kasi isiyoelezeka, na kuwanyima mataifa asilia chakula chao kulikuwa sehemu ya nia. Mwishoni mwa miaka ya 1880 walibaki chini ya 1,000. Mwaka 1902 Yellowstone yenyewe ilikuwa na baisani wa porini wasiofika 30. Ndipo wakanunuliwa wengine kutoka kwa wafugaji binafsi, wakatunzwa, na ranchi ya Lamar ikawa kitovu cha kazi hiyo. Leo hifadhi ina baisani wapatao 5,000, na tangu Mei 2016 baisani ndiye mamalia rasmi wa taifa la Marekani. Kwa Walakota na mataifa asilia mengine ya mbuga zile yeye ni ndugu na ni mtakatifu, na wapo wanaosali wakimwona. Usipige kelele za ushabiki mbele yao.

Kuhusu msimu: Aprili na Mei huzaliwa ndama, wenye rangi ya machungwa iliyokolea, nao mama zao hawana mzaha. Kuanzia katikati ya Julai hadi Agosti ni wakati wa kupandana. Madume hunguruma kwa sauti inayosikika mbali sana, hugaagaa vumbini, hupigana vichwa, na hasira yao huwa karibu. Bahati mbaya, huo ndio wakati shule zimefungwa na wageni wamejaa. Kama una uhuru wa kuchagua, nenda Septemba. Kama huna, nenda Julai, ila ongeza umbali.

Hatua ya 3: Ndani ya gari, subiri

Utakutana nao barabarani, tena si mmoja. Kundi likiwa linavuka, simama. Usipige honi, usijipenyeze katikati yao, usiwasukume kwa bampa. Funga vioo ikiwa wamekaribia. Wanaweza kukuchelewesha nusu saa au zaidi, kwa hiyo usipange ratiba ya kubanana. Mtu asitoe mkono dirishani kumgusa, na asimsimamishe mtoto kwenye tundu la paa.

Ukitaka kuwatazama kwa muda, tafuta sehemu ya kuegesha iliyotengwa na utoe gari lote barabarani. Usiku punguza mwendo sana: rangi yake ni nyeusi ya kahawia na anasimama katikati ya lami bila wasiwasi, hivyo unaweza kumwona ukiwa umeshamfikia. Kasi ya juu ndani ya Yellowstone ni maili 45 kwa saa, na gizani hata hiyo ni nyingi.

Hatua ya 4: Jua mita 23 zikoje

Sheria ya Yellowstone ni yadi 25, karibu mita 23, kutoka kwa baisani na wanyama wengine wengi. Kwa dubu na mbwa mwitu ni yadi 100, kama mita 91. Watu wengi wanaisoma sheria hii langoni bila kuijua kwa macho. Mita 23 ni urefu wa mabasi mawili makubwa yaliyopangwa mbele na nyuma. Kabla ya safari, nenda kwenye maegesho ya duka kubwa, pima hatua ndefu 25, mwambie mtoto asimame mwisho wake, umtazame. Fanyeni zamu. Dakika tano zinatosha, na watoto hawasahau.

Njia nyingine ni kidole gumba. Nyoosha mkono, funga jicho moja, inua gumba juu ya mnyama. Likishindwa kumfunika mzima, rudi nyuma. Kipimo hiki kitakuweka mbali kuliko sheria inavyodai, na ninakipenda kwa sababu hiyohiyo.

Sasa elewa kwa nini umbali huo upo. Baisani aliyeshika kasi humaliza mita 23 chini ya sekunde mbili, kwa hiyo usidhani umepewa nafasi ya kumkimbia. Umbali unampa mnyama nafasi yake ili asiwe na sababu ya kukujia. Anayesimama mita 23 kamili huku mnyama ameshaanza kukasirika bado yuko karibu mno. Na mnyama akisogea kukuelekea, kazi ya kurudisha umbali ni yako.

Simu ndiyo adui mkubwa hapa. Lenzi yake humfanya baisani aonekane mdogo na wa mbali, ndipo mpigapicha anasogea bila kujijua. Wataalamu wa afya wa serikali ya Marekani walizichambua ajali za Yellowstone za mwaka 2015: watu watano walijeruhiwa, wote walikuwa karibu kuliko sheria inavyoruhusu, na miongoni mwao walikuwamo waliompa mnyama mgongo ili wajipige picha naye. Juni 2020 mwanamke mwenye umri wa miaka 72 alipigwa pembe mara kadhaa kambini baada ya kumsogelea mara kwa mara, chini ya mita tatu, akitafuta picha. Beba darubini, hata ya bei nafuu. Kwa darubini utaona kope zake na mvuke wa pumzi yake, jambo ambalo simu haitakupa hata ukisimama anapokufa mtu.

Jihadhari pia na kundi la watu. Julai 2019, karibu na Old Faithful, chemchemi ya Yellowstone inayorusha maji moto juu, watu wapatao 50 walikuwa wamemzunguka baisani mmoja kwa dakika zisizopungua 20, wengine wakiwa mita mbili au tatu tu kutoka kwake. Hatimaye alikurupuka, akamrusha hewani msichana wa miaka tisa. Wengi wakisogea, kila mmoja huona ni salama kwa kuwa mwenzake yuko mbele. Ukikuta hali hiyo, shika watoto wako mwondoke, hata kama wote wengine wanacheka.

Hatua ya 5: Soma mwili wake

Anza na mkia. Ukiwa unaning'inia na kupunga nzi, mnyama ametulia. Ukianza kuinuka, ana wasiwasi. Ukisimama juu wima, yuko tayari kushambulia. Ni kweli huuinua pia anapojisaidia, lakini usisubiri kujua ni lipi kati ya hayo mawili.

Dalili nyingine ni kutikisa kichwa juu na chini, kufukua ardhi kwa kwato, kukoroma kwa nguvu, kunguruma, na kukimbia hatua chache kukuelekea kisha kusimama. Hiyo ya mwisho wengi huitafsiri kama mchezo. Ni onyo, na linalofuata huenda lisisimame. Dalili ya kwanza kabisa huwa ndogo zaidi: anaacha kula na kuinua kichwa kukuelekea. Hapo tayari umemsumbua, na hapo ndipo pa kurudi nyuma, kabla mkia haujafika popote.

Hatua ya 6: Kwa miguu, tazama mbele kuliko unavyotazama simu

Si kila anayejeruhiwa alikuwa mkaidi. Mwishoni mwa Juni 2022, huko Yellowstone, mwanamke wa miaka 71 alikuwa anarudi kwenye gari pamoja na binti yake karibu na Storm Point, wakamkaribia baisani bila kujua, naye akapigwa pembe. Julai 2023 mwanamke mwingine alikuwa matembezini karibu na Lake Lodge. Yeye na mwenzake waliwaona baisani wawili, wakageuka kuondoka, na mmoja akamjia na kumjeruhi vibaya. Katika kisiwa cha Antelope, mwaka 2019, mkimbiaji aliwakuta baisani njiani alipofika juu ya kilima.

Kwa hiyo, kwenye kona, vichaka na vilele vya vilima, punguza mwendo na zungumza kwa sauti ya kawaida. Usitembee na vidude vya muziki masikioni. Watoto wawe katikati ya watu wazima, wasitangulie. Mbwa haruhusiwi kwenye njia za Yellowstone, na mahali anaporuhusiwa afungwe kamba fupi, kwani baisani humwona kama mbwa mwitu.

Ukimkuta amesimama njiani, una mambo mawili tu ya kufanya: kumzunguka kwa mbali sana, au kurudi ulikotoka. Usipite kati ya jike na ndama, wala kati ya mnyama na kundi lake. Na usimbane: mnyama mwenye mto upande mmoja na watu upande mwingine atachagua upande wa watu. Kambini ni vivyo hivyo. Akija kulala karibu na hema lako, mwachie hema.

Hatua ya 7: Akikujia, usisimame kidete

Hapa watu huchanganya mafunzo. Kwa dubu tunaambiwa tusikimbie. Kwa baisani, maelekezo ya Yellowstone ni kinyume: usisimame mahali pako, ondoka mara moja, kwa kutembea au kukimbia. Baisani anatetea nafasi yake, hakuwindi, hivyo unachompa ni kile anachokitaka, yaani nafasi.

Akiwa ameonyesha dalili lakini bado hajatoka mbio, rudi nyuma haraka huku ukimtazama, ukielekea kwenye kitu kikubwa. Akitoka mbio, kimbilia nyuma ya gari, mti mnene, mwamba au jengo, na ubaki upande wa pili wake hata akizunguka. Hapa ndipo faida ya kutazama mazingira mapema inapoonekana: kila unaposhuka garini, chagua kwa macho mahali utakapokimbilia, kabla hujatoa simu. Kama unabeba ile pilipili ya kupuliza ya kufukuzia dubu, na katika Yellowstone unapaswa kuibeba, mpulizie baisani anayekufuata huku ukiendelea kuondoka. Iwe kiunoni, si ndani ya begi. Usirushe mawe wala kupiga kelele za kumtisha.

Hatua ya 8: Ndama mwache alipo

Hatua hii inawahusu zaidi wenye huruma. Mwaka 2016 wageni walimkuta ndama Lamar, wakadhani anaumia na baridi, wakampakia garini na kumpeleka kituoni. Askari wa hifadhi walijaribu mara kadhaa kumrudisha kundini, kundi likamkataa. Akabaki akiyafuata magari na watu barabarani, na mwishowe ikabidi auawe. Mei 2023 yakatokea karibu yaleyale: ndama alikuwa ameachana na mama yake wakati wa kuvuka mto, mwanamume akamsukuma hadi juu ya ukingo, kundi likamkataa, naye akauawa. Aliyemsukuma alikiri kosa mahakamani na kulipa zaidi ya dola 1,000.

Ukimwona ndama peke yake, mama huenda yuko karibu kuliko unavyodhani. Usimguse, usimpe chakula, usimwite. Ukiwa na wasiwasi wa kweli, kumbuka mahali ulipomwona na umwambie askari wa hifadhi. Wao nao mara nyingi huacha maumbile yachukue mkondo wake. Ni vigumu kutazama, na nadhani wako sahihi.

Hatua ya 9: Mtu akijeruhiwa

Kwanza usimkimbilie hadi mnyama awe amesogea, maana majeruhi wawili ni kazi mara mbili. Piga 911. Mtandao wa simu katika Yellowstone ni hafifu sehemu nyingi, hivyo mtume mtu kwenye kituo cha karibu cha askari wa hifadhi, au msimamishe dereva anayepita apeleke taarifa. Tundu la pembe laweza kuonekana dogo juu ya ngozi huku ndani limeenda mbali. Bonyeza kwa kitambaa safi bila kuachia, na usimwache majeruhi ajitangaze mzima kwa sababu anaweza kusimama. Aliyerushwa hewani asiinuliwe wala kugeuzwa shingo hadi wahudumu wafike, mfunikeni asipatwe na baridi.

Asiyejua Kiingereza vizuri anaweza kumwambia mpokeaji wa 911 neno moja, "Swahili," naye aombe mkalimani. Lakini kabla ya yote taja mahali mlipo: jina la njia, jina la maegesho, au namba iliyo kwenye kibao cha karibu. Yaandike hayo kwenye karatasi kila mnaposhuka garini, na mmoja wenu aishike.